Je, Wajua? Nguo Iliyo Ndogo Kuliko Mvaaji

Je, wajua kwamba kiolezo cha karatasi cha kushonea suruali ya mazoezi ya kubana, ukikipima kwa utepe, aghalabu utakikuta ni kidogo kuliko mwili wa atakayeivaa? Kitambaa chake hunyumbuka. Kikikatwa sawasawa na mwili, nguo hulegea.

• Uzi uletao mnyumbuko huo, spandex, ulivumbuliwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont, Marekani.

• Violezo ni vikongwe zaidi: mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa nguo huko Massachusetts, alianza kuuza violezo vya saizi mbalimbali, hata asiye fundi akaweza kujishonea nyumbani.

• Violezo vya awali havikuwa na maandishi. Vilitobolewa matundu, na kwa matundu hayo mshonaji alitambua mahali pa kukunja na pa kuunga.

• Sindano ifaayo kitambaa cha kunyumbuka ina ncha butu, ipate kupenya baina ya nyuzi pasipo kuzikata. Na mshono wake ni wa zigizaga, kwani ulionyooka hukatika nguo ivutwapo.

Basi, kabla ya kushika mkasi, sharti ukivute kwanza kitambaa.