Kufuta Programu Si Kujitoa

Ukifuta programu kwenye simu, bado hujajitoa kwenye malipo yake. Alama inatoweka kwenye kioo, lakini hela inaendelea kukatwa kwenye kadi mpaka uingie duka la programu, kama Play Store, ufungue sehemu ya malipo na usajili, kisha uthibitishe kwamba huitaki tena huduma hiyo. Kwa mwenye ADHD, hali ya ubongo inayotatiza umakini, kumbukumbu ya jambo la baadaye na hisia ya muda, hatua hizo chache ndizo zinazomshinda. Anajiunga kwa siku 7 za bure akiwa na ari, anajiambia atajitoa siku ya 6, na siku ya 6 inapita asijue. Tena baadhi ya programu zinazouzwa hivyo ni zile zile zinazoahidi kumkumbusha mambo!

Mwaka 2023 wachumi Liran Einav, Benjamin Klopack na Neale Mahoney walichunguza malipo ya kadi nchini Marekani. Kadi inapobadilishwa, mteja hulazimika kuamua upya kama anaitaka huduma, na hapo ndipo wengi huiacha. Wakakadiria kwamba kutokumbuka kwa wateja huwaongezea wauzaji mapato kwa asilimia 14 hadi zaidi ya 200, kutegemea huduma. Hawakupima ADHD, lakini kama faida inatokana na kusahau, anayesahau zaidi ndiye anayelipa zaidi.

Watu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini mwa Tanzania, wamezoea biashara ya namna nyingine. Mkulima wa kahawa hupata hela ya maana msimu wa mauzo. Mvuvi wa usipa wa Mbamba Bay hutegemea usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka kazi inapungua. Wote hununua kifurushi cha simu wakiwa na hela, na kikiisha kimeisha. Vifurushi vina lawama zake, na nyingi ni za haki, lakini katika hili vina uungwana: ukinyamaza, hukatwi. Kanuni za 2021 za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zikaongeza kwamba mteja ajulishwe matumizi yakifika asilimia 75 na 100. Usajili wa programu umegeuza jambo hilo: ukimya wako ndio ridhaa.

Wapo watakaosema mtu mzima alikubali mwenyewe. Alikubali siku ile. Hakuulizwa tena mwezi wa tano wa kulipa. Wengine watasema, kwa haki, kwamba malipo ya kujirudia humsaidia msahaulifu asikatiwe huduma anayoihitaji. Kweli, kama anaitumia. Muuzaji anazo kumbukumbu za nani amefungua programu na nani hajaigusa tangu alipojiunga, kwa hiyo hawezi kusingizia kutojua. Punguzo kwa wenye cheti cha daktari cha ADHD nalo halitoshi, maana vijijini wengi hawajawahi kupimwa. Wanaitwa wazembe tu. Kinga lazima iwe ya kila mteja, na inawezekana: Ujerumani imelazimisha kitufe cha kujitoa kwenye tovuti tangu Julai 2022.

TCRA na Tume ya Ushindani ziweke sharti moja: ambaye hajaitumia huduma kipindi kizima asikatwe tena kabla ya kuulizwa. Nawe msomaji, fungua leo sehemu hiyo ya malipo na usajili, kisha umfungulie na ndugu yako mnayemwita msahaulifu.