Maini kwa Mja Mzito: Neema Yenye Kipimo
Ni ada yetu kumlisha mja mzito maini ili aongeze damu, na nia ni njema. Lakini maini yana vitamini A kwa wingi mno. Mja mzito huhitaji takriban mikrogramu 770 kwa siku, na ile itokayo katika maini, mafuta ya ini la samaki na vidonge isipite 3,000. Gramu 85 za maini ya ng'ombe hubeba zaidi ya 6,000. Ikizidi sana, hasa miezi ya mwanzo, yaweza kumtia mtoto kilema tumboni. Mchicha, embe, maboga na karoti hazina hatari hiyo, kwani mwili hujitengenezea humo kiasi unachokihitaji. Basi, akina mama, muulizeni daktari kabla ya kumeza vidonge. Israfu imekatazwa hata katika halali. Wallahu aalam.