Kompyuta ya CNC: Kagua Soketi Kabla ya Kutuma Pesa

Una karakana Kwanza, Kitale au Bungoma, na sasa unatafuta kompyuta ya bei nafuu ya kuongoza mashine yako ya CNC? Usianze na bei. Anza na waya wa mashine.

Inatumia USB na programu ya GRBL? Bodi ndogo ya Arduino ndiyo inayoendesha mota. Kompyuta inatuma maagizo tu. Laptopu iliyotumika, mradi ni nzima, inatosha.

Inatumia Mach3 na soketi ya printa ya zamani, ile ya pini 25? Hapa kompyuta yenyewe ndiyo inayoongoza kila hatua ya mota. Tafuta desktopu yenye soketi hiyo na Windows 7 ya biti 32. Adapta ya USB haitakusaidia. Kompyuta ikisitasita, mota inaruka hatua na ubao wako unaharibika.

Kabla ya kulipa: Muuzaji akisema, "Tuma kitu kidogo nikuwekee," ngoja kwanza uione ikiwaka. Ukiridhika, lipa kwa Till ya duka, soma jina kabla ya kukamilisha malipo, kisha hifadhi ujumbe na risiti. PIN yako usimpe mtu yeyote, hata akisema anatoka kwetu.