Ukoo wa Masultani wa Kilwa na Jumba la Husuni Kubwa

Watoto wetu wapitao Kilwa Kisiwani huyaona magofu ya mawe, nao huuliza, "Ni nani aliyejenga?" Mara nyingi hujibiwa neno moja tu, "Washirazi," na maswali hukoma papo hapo. Jibu hilo si la uongo, lakini ni fupi mno. Ukoo huo waweza kufuatwa hatua kwa hatua, kama mwindaji afuatavyo nyayo, na mwenye kuufuata hupata mafundisho kwa nyumba yake mwenyewe.

Huko Uskoti mtu atakaye habari za ukoo wa kale na mnara wao hufungua hati za ardhi, akasoma nani alipewa shamba, na mwaka gani. Sisi hatuna hati za namna hiyo. Lakini tunao mashahidi: kitabu, masimulizi ya wazee, sarafu na jiwe. Shahidi mmoja hatoshi. Yatupasa kuwasikiliza wote, kisha kuyapima maneno yao.

Shahidi wa kwanza ni kitabu cha habari za Kilwa, kilichotungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala yake Sultani Barghash wa Unguja alimpa John Kirk, balozi wa Uingereza, nayo ikachapwa mwaka 1895. Chasema kwamba wakuu wa Shirazi, katika nchi ya Uajemi, walisafiri kwa merikebu saba, na mmoja wao akashukia Kilwa. Akakinunua kisiwa kwa mwenyeji wake, na bei yake ilikuwa nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote.

Shahidi wa pili ni wazee wa Kilwa wenyewe. Masimulizi yao ya Kiswahili yalichapwa na Mjerumani Velten mwaka 1907. Hao wanamjua mwenyeji kwa jina: ni Mzee Mrimba, Mmachinga. Wasema kwamba mgeni alifika kwake kwa adabu, akaomba mahali pa kukaa, akatoa zawadi, kisha akamwoa binti yake. Mtoto aliyezaliwa ndiye aliyeurithi utawala kwa babu yake.

Basi tazameni tofauti. Kitabu kimeikumbuka bei ya nguo, kikamsahau mke. Wazee wamemkumbuka mke. Kama tungalisoma kitabu peke yake, tungalidhani kwamba ukoo huo ulitoka ng'ambo wote mzima, na kwamba Wamachinga hawana fungu katika mawe yale.

Shahidi wa tatu ni sarafu. Jina la Ali bin al-Hasan, ambaye kitabu humtaja kuwa sultani wa kwanza, limeandikwa juu ya sarafu ndogo. Wataalamu walidhani kwamba alitawala yapata mwaka 1200. Lakini mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Ndani yake zilikuwamo sarafu zenye jina hilo, pamoja na dinari za dhahabu za karne ya 11. Hivyo kipande kidogo, kisichozidi ukucha, kilimrudisha sultani nyuma zaidi ya miaka mia.

Tena yatupasa kusema kweli: mnyororo wa ukoo huo ulikatika. Mwishoni mwa karne ya 13 al-Hasan bin Talut, wa nyumba ya Mahdali, aliutwaa ufalme kwa nguvu. Mjukuu wake, al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba lililo juu ya jabali likitazama bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pande nane. Jina lake limeonekana limechongwa katika jiwe la jumba hilo. Sarafu yake moja imeokotwa mbali sana, Zimbabwe Kuu, katika nchi ile ambayo dhahabu yake ilipitia Sofala na kuitajirisha Kilwa.

Mwaka 1331 Ibn Battuta wa Moroko alimwona sultani huyo kwa macho yake. Aandika kwamba aliitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, maana maskini alipomwomba nguo alizozivaa, alizivua akampa. Mwanawe akazinunua tena kwa watumwa kumi, na sultani akamwongezea maskini watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Twasifu mkono uliotoa. Lakini zawadi ile ilikuwa wanadamu, wenye mama zao na vijiji vyao, na hakuna aliyeyaandika majina yao. Mwenye kutafuta habari za ukoo asiifiche aibu yake.

Baada yake alitawala Daud nduguye, naye alipoombwa hujibu kwamba mtoaji amekwisha kufa. Kitabu cha Kilwa nacho chawataja ndugu hao wawili. Mgeni na wenyeji, kila mmoja kwa njia yake, wameshuhudia jambo lile lile.

Wengine huonyesha Gereza lililo ufukoni, wakisema ndiyo ngome ya Washirazi. Sivyo. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Na Gereza tulionalo lilijengwa na Waarabu wa Omani yapata mwaka 1800, juu ya mabaki ya kazi ya Wareno.

Mwaka 2023 alisimama shahidi mwingine. Wataalamu waliochunguza mifupa ya wafu wa kale katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania walitangaza kwamba wengi wao walikuwa na mama wa Kiafrika na baba waliotoka hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi kitabu hakikusema uongo juu ya baba, wala wazee hawakusema uongo juu ya mama.

Ndugu walimu, nanyi wazazi, twaomba jambo moja. Nunueni daftari. Andikeni jina la baba na la babu, na kando yake, kwa wino ule ule, jina la mama na la bibi, kijiji walikotoka, na mwaka kama wajulikana. Waulizeni wazee kungali mchana. Jina la binti Mrimba halikuandikwa, na leo hakuna awezaye kulirudisha.