Vitabu vya Vakansi: Tuwape Wanafunzi Wetu Nafasi ya Kutuelezea



Vakansi kubwa inafika mwisho. Tangu mwanzo wa Julai watoto wetu wako nyumbani: wengine shambani, wengine sokoni pamoja na mama zao, wengine kijijini kwa babu na bibi. Mwanzoni mwa Septemba watarudi masomoni. Wazazi wanahesabu kaye, viatu, uniforme na minervali ya sekondari. Katika parokia nyingi tutawaombea wanafunzi Jumapili moja, kisha tutaendelea na matangazo.

Makala hii inaeleza jambo dogo ambalo parokia inaweza kuliongeza siku hiyo: wanafunzi wasimame, mmoja mmoja, waeleze kitabu walichosoma wakati wa vakansi, na waseme ni nani mwingine anafaa kukisoma. Si mtihani, wala hakuna pointi. Mwanafunzi anawaambia wenzake, "Nimekisoma hiki, nawe ukitafute." Jambo hili halihitaji mradi wala mfadhili. Linahitaji muda, na masikio ya wakubwa.

Kitabu kimoja, wasikiaji wengi

Sote tunajua hali ya vitabu kwetu mashariki. Ni vichache na bei yake ni kubwa. Shule nyingi zina kitabu kimoja cha mwalimu, na wanafunzi wananakili ubaoni. Vita navyo vimeongeza hasara. Familia inapokimbia inabeba godoro, sufuria na watoto. Vitabu vinabaki, na mara nyingi havionekani tena.

Ndiyo maana kueleza kitabu ni muhimu kwetu kuliko mahali penye maktaba kila mtaa. Kijana akisoma kitabu na kunyamaza, kitabu kimesomwa na mtu mmoja. Akisimama na kukieleza vizuri, watu hamsini wamekipata, na kati yao watatu au wanne watataka kukiazima. Hata kitabu chenyewe kikipotea njiani, yaliyomo yamebaki ndani ya watu.

Kanisa la kwanza liliishi hivyo. Paulo aliwaagiza Wakolosai kwamba barua yake ikishasomwa kwao isomwe na kanisa la Laodikia, na wao waisome ile itakayotoka Laodikia (Kolosai 4:16). Nakala zilikuwa chache, kwa hiyo ziliwekwa katika mzunguko na kusomwa kwa sauti. Na akiwa kifungoni, Paulo alimwomba Timoteo amletee joho aliloliacha Troa, pamoja na vitabu (2 Timoteo 4:13). Mzee anayengoja hukumu, katika baridi, bado alitaka kusoma.

Kwa nini kwa Kiswahili

Mtoto wetu anaanza shule ya msingi kwa lugha ya taifa, ambayo kwa upande wetu ni Kiswahili. Baadaye Kifaransa kinachukua nafasi, na sehemu kubwa ya vitabu atakavyovipata ni vya Kifaransa. Wengi wanajifunza kukariri sentensi bila kuzielewa. Mwalimu akiuliza, wanarudisha maneno yaleyale ya ukurasa.

Ukimwomba aeleze kitabu hicho kwa Kiswahili, hawezi kukariri. Lazima aelewe kwanza, kisha atafute maneno yake mwenyewe. Hapo unajua kama alisoma kweli, naye anajua pia. Mwalimu wa Kifaransa atafurahi Septemba, kwa sababu kijana aliyepitia njia hiyo anarudi darasani na akili iliyozoea kuuliza maana.

Kuna faida nyingine. Mama ambaye hakupata nafasi ya kusoma Kifaransa anaketi na kusikia kitabu ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwake. Mara nyingi ndiye anayeuliza swali zuri kuliko yote, kwa sababu anajua maisha. Mwaka 386, Agustino wa Afrika ya Kaskazini alikaa na wanafunzi wake wachache shambani, mahali panapoitwa Cassiciacum, karibu na Milano. Walikuwa wanasoma na kujadiliana. Mama yake, Monika, hakuwa msomi, lakini alishiriki mazungumzo hayo, na Agustino akaandika majibu yake kitabuni pamoja na ya wengine.

"Lakini hivyo si vitabu vya Mungu"

Hili ndilo neno linalozuia jambo hili mara nyingi. Mzee mmoja wa kanisa anasikia kijana akisifu riwaya, anauliza: kwa nini asisome Biblia? Swali lake linatoka katika upendo, na linastahili jibu.

Jibu la kwanza: Biblia inabaki ya kwanza, wala hakuna anayeitoa mahali pake. Kijana anayezoea kusoma kurasa mia mbili za hadithi ndiye atakayeweza kusoma kitabu cha Ayubu mpaka mwisho. Asiyesoma chochote hasomi Biblia pia. Anangoja mistari michache ya Jumapili.

Jibu la pili: Biblia yenyewe inatuonyesha watu wa Mungu waliosoma mengine. Danieli na wenzake walifundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, na hawakuiacha imani yao. Paulo alipohubiri Athene alitaja maneno ya washairi wa Wayunani (Matendo 17:28). Hangeweza kuyataja kama hakuyajua. Agustino naye anasimulia kwamba akiwa kijana wa miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mtu asiyemjua Kristo, na kitabu hicho kikamwamshia kiu ya hekima. Safari yake kwa Mungu ilipita hapo.

Jibu la tatu ni la mchungaji. Vijana wetu wanasoma na kutazama mengi kwenye telefone, usiku, bila sisi kujua. Tukiwakemea mbele ya watu kwa kitabu walichokitaja wazi, hawataacha kusoma, wataacha kutuambia. Afadhali kijana aseme mbele yetu, "Kitabu hiki kina mambo yaliyonisumbua," nasi tuzungumze naye. Ni mazungumzo hayo tunayoyatafuta. Kwa hiyo siku hiyo wakubwa wakubaliane mapema: tunauliza maswali, hatukemei.

Mifano ya vitabu vinavyofaa

Si lazima kila kijana asome kitabu kilekile. Hapa kuna vichache ambavyo vinaweza kupatikana, na ambavyo vinazaa mazungumzo.

*Safari ya Msafiri* cha John Bunyan. Mwandishi alikuwa mhubiri aliyefungwa miaka 12 huko Bedford, Uingereza, kwa sababu ya mahubiri yake. Kitabu kilitoka mwaka 1678. Kinafaa hata kwa wanafunzi wadogo wa sekondari, na kwa kuwa ni cha zamani sana, maandishi yake ya kwanza hayana mwenye haki anayeweza kudai malipo.

*L'Enfant noir* cha Camara Laye wa Guinée, cha mwaka 1953. Mtoto wa mfua dhahabu anaondoka hatua kwa hatua kutoka kwa wazazi wake kwa ajili ya masomo. Kijana aliyetumwa mjini kusoma atajiona humo.

*Le monde s'effondre* cha Chinua Achebe wa Nigeria, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa *Shujaa Okonkwo*. Humo kuna wamisionari wawili, mmoja anayesikiliza watu na mwingine mkali, na kijana Nwoye anayemwacha baba yake na kujiunga na Wakristo. Sisi wachungaji tunahitaji kuwasikia vijana wakikieleza.

*Une si longue lettre* cha Mariama Bâ wa Senegali, cha mwaka 1979. Mjane anamwandikia rafiki yake juu ya ndoa, mke wa pili na uchungu wa kuachwa. Rafiki yule aliyeandikiwa alisimama tena kwa sababu ya vitabu na masomo. Mwandishi alikuwa Mwislamu, lakini machozi yanayoelezwa humo yako katika nyumba zetu pia.

Vya Zamenga Batukezanga, Mkongomani aliyeandika kwa Kifaransa chepesi juu ya maisha ya watu wa kawaida. *Bandoki* kinagusa imani juu ya uchawi, jambo ambalo makanisa yetu yanakutana nalo kila wiki.

*La force des femmes* cha Daktari Denis Mukwege, cha mwaka 2021. Ni mtoto wa mchungaji wa Bukavu, mwanzilishi wa hospitali ya Panzi, na alipokea tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Kitabu hiki kinasema juu ya mateso ya wanawake wa kwetu. Kiwe cha wanafunzi wakubwa, na mtu mzima awe karibu, kwa maana kati ya wasikiaji wapo walioyapitia hayo.

Namna ya kuandaa

Chagueni siku moja, Jumapili ya kwanza au ya pili ya Septemba, baada ya ibada au alasiri. Saa moja na nusu inatosha. Kiongozi wa vijana aandike majina ya wanafunzi wanane mpaka kumi. Kila mmoja apewe dakika tano na maswali matatu tu: Kitabu kinasema nini? Ni wapi kilipokugusa au kukuchukiza? Unataka nani akisome, na kwa nini?

Swali la tatu ndilo moyo wa jambo. Mwanafunzi anayesema "kila mtu akisome" bado hajafikiri. Anayesema "nataka baba zetu wasome sura hii" amefikiri sana. Tena mtoto aruhusiwe kusema kwamba kitabu hakikumpendeza, au hakukimaliza, mradi aeleze sababu. Tukipenda sifa tu, tutawafundisha kusema uongo kanisani.

Baada ya hapo vitabu viwekwe mezani, na mtu mmoja mwaminifu ashike kaye ya kuazima: jina la kitabu, mwenye kitabu, aliyeazima, tarehe ya kutoka na ya kurudi. Wiki tatu kwa kila msomaji. Sanduku la bati lenye kufuli linatosha kwa kulinda vitabu na panya, mchwa na mvua. Tusifotokopi kitabu kizima cha mwandishi aliye hai, kwa maana ni jasho lake. Kuazimana hakumwibii mtu.

Wasichana wetu

Jambo la mwisho, na ni zito. Mkiandika majina mtaona wavulana ni wengi. Si kwamba wasichana hawapendi kusoma. Vakansi ya msichana ni maji, kuni, soko, sufuria na mdogo wake mgongoni. Jua likizama amechoka na tochi haina betri. Mkitangaza siku hii bila kuligusa hilo, mtasikia nusu tu ya watoto wenu.

Basi mchungaji aseme na wazazi mapema, mwezi wa Juni, kabla ya shule kufungwa: kila msichana mwanafunzi apewe saa moja kwa siku ambayo ni yake, mchana, kukiwa na mwanga. Kaka zake wachote maji saa hiyo. Mama mchungaji na kikundi cha mama wanaweza kuwatembelea na kuuliza, si kwa ukali, "Binti yetu amefika ukurasa gani?"

Kwa mwaka huu, anzeni na mlichonacho. Hata wakiwa wanafunzi watatu na vitabu vitatu, wapeni viti vya mbele na muwasikilize mpaka mwisho. Bwana awalinde wanafunzi wetu katika mwaka mpya wa masomo, na awape amani ya kusoma.