Kuhifadhi Kazi za Muziki: Faili la Mradi Pekee Halitoshi

Na Afisa Habari, Songea

Msanii anayerekodi katika studio ndogo ya Majengo, Manispaa ya Songea, kwa kawaida huondoka na wimbo uliokamilika katika muundo wa MP3. Sauti halisi zilizorekodiwa hubaki kwenye kompyuta ya studio. Kompyuta hiyo ikiharibika au kuibwa, wimbo hauwezi tena kurekebishwa, na sauti ya mzee aliyeimba lizombe kisha akafariki dunia hairudiwi.

Chanzo kikuu cha upotevu huo ni kutofahamu namna programu za kutengeneza muziki zinavyofanya kazi. Katika FL Studio na Cubase, faili la mradi huhifadhi mipangilio: mwendo wa wimbo, viwango vya sauti, sehemu zilizokatwa na madoido yaliyotumika. Sauti zenyewe hukaa katika mafaili mengine, nayo mara nyingi huwa katika folda tofauti. Anayempelekea mwenzake faili la mradi peke yake amempa maelezo ya kazi, si kazi yenyewe.

Hivyo, kabla ya kunakili, mtayarishaji atumie amri ya programu inayokusanya sauti zote na mipangilio mahali pamoja. FL Studio hufungasha mradi katika faili moja la zipu, na Cubase hutengeneza nakala kamili katika folda mpya. Aidha, aandike jina na toleo la programu pamoja na programu-jalizi alizotumia, kwa kuwa kompyuta isiyo nazo haitatoa mlio uleule. Kwa usalama zaidi, kila mkondo wa sauti utolewe pia katika muundo wa WAV kuanzia sekunde ya kwanza, ili ufunguke katika programu yoyote.

Nafasi inayohitajika si ndogo. Kwa ubora wa biti 24 na kilohezi 48, mkondo mmoja hutumia takribani megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye mikondo 30 hufikia gigabaiti moja, ilhali MP3 yake haizidi megabaiti 10.

Kanuni inayopendekezwa ni nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya studio. Nakala iliyo kwenye diski ileile ya kompyuta si kinga. Umeme wa Gridi ya Taifa ulifika Songea mwaka 2018 na kupunguza utegemezi wa jenereta, lakini umeme unapokatika wakati faili linaandikwa, faili hilo laweza kuharibika. Nakala zifunguliwe mara kwa mara ili kuthibitisha kuwa ni nzima.

Suala hili lina upande wa kisheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mgogoro ukitokea, sauti za awali na mafaili ya mradi yenye tarehe husaidia kuonesha nani alitunga, sambamba na cheti cha usajili kinachotolewa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Kwa sababu hiyo, wasanii na vikundi vya kwaya na ngoma wanashauriwa kukubaliana na studio kwa maandishi, kabla ya kurekodi, kuhusu nani atamiliki mafaili hayo, na kwenda na diski ya nje siku ya kuchukua wimbo.