Mtaala wa umilisi wakabiliwa na msongamano Eastlands
MTAALA wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kuchukua nafasi ya 8-4-4, unamtaka mwanafunzi aulize na achunguze badala ya kukariri. Maadili na vipaji vyake huthaminiwa sawa na alama za mtihani.

Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, kama vile Dandora na Kayole, kikwazo ni nafasi. Madarasa ya umma yalifurika karo ya msingi ilipofutwa mwaka 2003, na mwalimu mmoja hawezi kusikiliza maswali ya kila mtoto, seuze kutathmini kazi zao. Mzazi anayeishi chumba kimoja naye hutakiwa kununua manila na gundi.

Hata hivyo, kilimo hakihitaji shamba. Sukumawiki hupandwa guniani, na mwanafunzi hujionea ni kwa nini mche mmoja umenyauka ilhali mwenzake, ulionyweshewa maji yaliyooshea mboga, umestawi.